Nani atalinda vijia vya Riat kabla ukuta wa mwisho haujajengwa?

MSAFIRI anayetoka Kisumu kuelekea Busia hupita njia panda ya uwanja wa ndege na muda si muda hujikuta Otonglo, kituo cha biashara chenye jina sawa na lile ambalo Wajaluo waliipa sarafu ya senti 10, ile ya zama za ukoloni iliyokuwa na tundu katikati. Mkono wa kushoto ardhi hushuka taratibu hadi ziwani. Mkono wa kulia huinuka ghafla, mawe yakichomoza kati ya vichaka na mashamba ya mahindi, hadi kwenye mgongo wa milima ya Riat.

Anayesimama juu ya mgongo huo asubuhi, mvua ya usiku ikiwa imesafisha hewa, huona kwa pamoja mambo ambayo aliye chini huyaona moja moja. Huona njia ya kurukia ndege kando ya maji, paa za mabati za Kisumu, tambarare ya Kano upande wa mashariki, Ghuba ya Winam, na ng'ambo ya pili Mlima Homa ukiwa umejitenga na wenzake. Siku ambazo upepo umelisukuma gugumaji hadi ufuoni, maji hugeuka kijani kibichi na mtu huelewa mara moja kilio cha wavuvi wa Dunga. Sijui darasa la jiografia ya Nyanza lililo bora kuliko hilo.

Swali la makala haya ni fupi. Mwananchi asiyemiliki ploti juu ya Riat atafikaje huko miaka 10 ijayo?

Ni swali lisilo na kelele, kwa sababu katika milima hii hakuna aliyenyakua kitu. Mkenya akisikia kwamba mahali palipozoewa na umma pamezingirwa, humtafuta mnyakuzi. Tulimtafuta Karura mnamo Januari 1999, marehemu Profesa Wangari Maathai alipopigwa na kujeruhiwa kwa kutaka kupanda miche katika msitu uliokuwa umegawiwa wastawishaji wa kibinafsi. Kule palikuwa na mhalifu na palikuwa na mali ya umma iliyoporwa. Riat ni tofauti. Aliyejenga nyumba ya ghorofa inayotazama ziwa ana hatimiliki yake. Aliyemuuzia alikuwa na hatimiliki pia, na aghalabu aliuza kwa sababu ambazo hakuna awezaye kumlaumu kwazo: karo, matibabu, deni la mazishi. Seremala, fundi wa mawe na mchimba msingi wamepata riziki. Mkahawa umefunguliwa na vijana wameajiriwa. Kila hatua ni halali, na matokeo ya hatua hizo halali ni kwamba mgongo wa mlima unageuka ua wa watu binafsi, ploti baada ya ploti.

Ili kuelewa jinsi tulivyofika hapa, yafaa turudi nyuma. Reli ilipofika Port Florence mwishoni mwa mwaka 1901, mji ulipangwa kando ya maji, kwenye bandari na gati. Milima iliyo juu yake ilikuwa ardhi ya koo za wenyeji na haikuwa sehemu ya mji. Baadaye serikali ilianza kupima ardhi za koo na kuzisajili kwa majina ya watu binafsi, kazi iliyopata msukumo kutokana na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 na iliyoendelea katika Nyanza baada ya uhuru. Mnamo 1972 mpaka wa manispaa ulipanuliwa, na ardhi kubwa ya mashamba ikaingizwa ndani ya mji kwenye karatasi huku ikibaki mali ya kudumu ya familia zilizoisajili. Manispaa ilijikuta na eneo la kilomita mraba 417 hivi, ambapo takriban 157 ni maji.

Jambo hilo la 1972 ndilo kiini cha tatizo la leo. Katikati ya mji, ambako ardhi nyingi ilikuwa ya serikali na ilikodishwa kwa masharti, mpangaji wa mji aliweza kuchora barabara, bustani na uwanja. Milimani hakuwa na kitu cha kuchora. Alikuta mashamba yenye wenyewe, mipaka ya mikonge na minyaa, na vijia vilivyopita katikati yake kwa idhini ambayo haikuwahi kuandikwa na yeyote.

Idhini hiyo si hadithi. Katika desturi ya kijiji, ua wa minyaa ulizunguka boma na kijia kilizunguka ua. Mtu hakukatiza ndani ya boma la mwenzake bila salamu, lakini wala mwenye boma hakuziba njia ya kwenda mtoni, malishoni, sokoni au kwa wakwe. Waliokuja kupima ardhi walichora barabara za kufikia mashamba pale wazee walipokubaliana, lakini si kila kijia cha miguu kilichopata mstari wake kwenye ramani. Wakati ule haikuonekana kuwa hasara. Nani angeota kwamba siku moja mtu angejenga ukuta wa mawe juu ya jabali?

Kisha thamani ya ardhi ikabadilika. Kisumu ilitangazwa jiji mwaka 2001, mji ukisherehekea karne moja tangu kufika kwa reli. Uwanja wa ndege uliopanuliwa ulifunguliwa na Rais Mwai Kibaki mnamo 2012, na mwaka uliofuata serikali za kaunti zikaanza kazi, zikaleta maafisa, wanakandarasi na pesa. Ghafla mteremko uliokuwa wa mbuzi na maua makech ukawa mtaji. Madalali hawauzi rutuba ya udongo Riat, ambayo ni haba, wanauza mandhari. Na hapa pana jambo ambalo wanunuzi wenyewe hawalitaji: mandhari hayo hayamo ndani ya ploti. Ziwa si la muuzaji, anga si lake, wala Mlima Homa si wake. Anachouza ni mahali pa kusimama ili kuvitazama, na thamani ya mahali hapo hupanda kadiri wengine wanavyozuiwa kusimama.

Tusidhani kwamba vijia hivi ni starehe ya watu wa jijini wanaovaa viatu vya kupandia milima siku ya Jumamosi. Hao wapo, na idadi yao huenda ikaongezeka kwa sababu vijana wa Kenya siku hizi wanapenda kupanda milima na kupiga picha. Lakini watumiaji wa kila siku ni wengine kabisa. Ni mama anayeteremka sokoni na kikapu cha mboga, mwanafunzi anayekwenda shule iliyo upande wa pili wa kilima, mchungaji wa mbuzi, muumini anayekwenda ibadani, mzee anayemtembelea ndugu yake. Kijia kikizibwa, hawa hawaachi kusafiri. Huzunguka, na mara nyingi mzunguko huwashusha hadi barabara kuu ya Busia, ambako malori ya mizigo ya kwenda Uganda hupita usiku na mchana. Mtoto aliyekuwa akitembea kati ya vichaka anatembea sasa ukingoni mwa lami.

Kuna pia suala la maji ya mvua. Kijia kilichobanwa kati ya kuta mbili kwenye mteremko hugeuka mfereji, mfereji ukawa korongo, na udongo ukaishia chini kwa majirani na hatimaye ziwani. Wahandisi watalieleza hili vizuri zaidi kuliko mhariri wa magazeti.

Je, sheria inasema nini? Inasema mengi kuliko wengi wanavyodhani, na ndiyo maana kimya kilichopo hakina udhuru.

Kwanza, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 28, inatambua kwamba zipo haki zinazoifunga ardhi iliyosajiliwa hata kama hazikuandikwa katika sajili, zikiwemo haki za kupita zilizokuwapo wakati ardhi iliposajiliwa mara ya kwanza chini ya sheria hiyo. Kwa hivyo mnunuzi anayesema kwamba hakuona kijia kwenye hatimiliki yake hajamaliza hoja. Pili, Sheria ya Muda wa Kuwasilisha Madai, Sura ya 22, katika kifungu cha 32, inaruhusu haki ya njia kupatikana kwa matumizi ya wazi, ya amani na yasiyokatizwa kwa miaka 20. Tatu, na hili ndilo linalosahaulika zaidi, Sheria ya Ardhi ya 2012 ina sehemu nzima kuhusu haki za umma za kupita. Humo imo haki ya njia ya jamii, ambayo serikali ya kaunti, chama au kundi lolote la watu linaweza kuiomba kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Anayepoteza matumizi ya ardhi yake kwa sababu ya njia hiyo anastahili kulipwa fidia.

Vifungu hivyo vinafahamika vyema kwa kampuni za umeme na maji, kwa sababu sehemu hiyohiyo ya sheria ndiyo inayoshughulikia upitishaji wa nyaya na mabomba. Waya wa stima ukitaka kupita Riat, mawakili hujua pa kuanzia. Mama mwenye kikapu hana wakili.

Hata haki ya miaka 20 ina mtego wake. Mahakama haitatazama kijia tu. Itataka ushahidi wa mtu atakayesema kwamba alipita hapo, lini, mara ngapi, na kwamba hakuwa akipita kwa hisani ya mwenye shamba. Kusema kweli, hiyo hisani ndiyo iliyokuwa msingi wa ujirani wetu, na wakili mwerevu wa upande wa pili ataigeuza kuwa silaha: mliruhusiwa kwa wema, kwa hiyo hamkuwa na haki.

Zaidi ya hayo, sajili za ardhi zinahamishwa kutoka makabati hadi kwenye kompyuta. Mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa Nairobi Aprili 2021, na nia ya serikali ni kuufikisha nchi nzima. Ni hatua njema dhidi ya hati bandia. Lakini mashine huhifadhi kilichochorwa. Karani wa zamani aliyezaliwa kijijini humo angeweza kukumbuka kwamba nyuma ya shamba fulani pana njia ya kwenda kisimani, kompyuta haikumbuki. Kijia ambacho hakitachorwa kabla ya uhamisho huo kitakuwa vigumu zaidi kukitetea baadaye.

Wapo watakaouliza iwapo dawa si kuifanya Riat kuwa hifadhi. Shirika la Wanyamapori, KWS, lina maeneo mawili karibu na jiji: Hifadhi ya Impala iliyotangazwa mwaka 1992 na Kisiwa cha Ndere kilichotangazwa mbuga ya taifa mwaka 1986. Yote mawili ni ya majini au kando ya maji, na yote mawili yana lango na ada. Huko Karura, lango na ada vimesaidia kuurejesha msitu mikononi mwa umma. Ngong, ambako wapanda milima waliwahi kuibiwa mara kwa mara, askari wa Shirika la Misitu husindikiza makundi juu ya mgongo ule wenye mitambo ya umeme wa upepo. Lakini Karura na Ngong ni misitu ya serikali. Riat ni makazi ya watu. Kuwaondoa ili kuwapisha watembezi kungekuwa ubatili na dhuluma, na hakuna mwenye akili timamu anayependekeza hivyo.

Kaunti jirani ya Siaya ina mfano wa aina nyingine. Got Ramogi, karibu na Usenge, ndipo mapokeo ya Wajaluo yanaposema Ramogi Ajwang' aliweka makao yake ya kwanza. Msitu wake umesalia kwa kiasi kikubwa kwa sababu watu wanaamini kwamba mahali hapo ni pa wote na wanaona haya kupaharibu. Vivyo hivyo majabali ya Kit Mikayi huko Seme, ambako watu huenda kuomba na kufunga, wenyeji wakiwa ndio walinzi na wapokezi wa wageni. Riat haikubahatika kuwa na utakatifu wa namna hiyo. Kilichoifanya ipendwe ni uzuri wake, na uzuri una bei sokoni.

Basi mfano unaotufaa zaidi, kwa maoni yangu, unatoka mbali, katika nchi ambayo ardhi yake ya vilima ilikuwa ya mabwana binafsi. Aprili 24, 1932, mamia ya vijana wa viwandani kutoka Manchester na miji jirani walipanda kwa makusudi nyanda za Kinder Scout, kaskazini mwa Uingereza, ambako wenye ardhi walikuwa wameziba njia ili kuwinda ndege. Watano kati yao walifungwa jela. Fujo hizo hukumbukwa sana. Kisichokumbukwa sana ni kazi ya kuchosha iliyofuata: sheria ya mwaka 1949 iliyozilazimu halmashauri za kaunti kuandaa ramani rasmi za njia za miguu, kijiji kwa kijiji, na kuzitangaza ili anayepinga apinge. Njia iliyoingia kwenye ramani hiyo ilihesabiwa kuwa ya umma, hata kama ilipita katikati ya shamba la tajiri. Mwenye shamba hakunyang'anywa ardhi. Aliendelea kulima, kuuza na kurithisha. Alichokatazwa ni kuziba ukanda ule mwembamba.

Karibu nasi zaidi, katika milima ya Usambara nchini Tanzania, wageni wamekuwa wakitembea kutoka Lushoto hadi Mtae kwa siku kadhaa wakipita kati ya mashamba na vijiji, wakiongozwa na vijana wa huko na kulala katika nyumba za wenyeji. Mpango wa utalii wa utamaduni ulioanzishwa nchini humo katika miaka ya 1990 ulijengwa juu ya wazo kwamba anayepitiwa na njia apate sehemu ya fedha. Si mpango usio na dosari. Hata hivyo, unaonyesha kwamba mkulima mwenye faida katika kijia hana sababu ya kukiziba.

Pingamizi zipo, na zingine ni nzito. Wenye nyumba wa Riat wanasema walijenga kuta kwa hofu ya wezi, si kwa chuki, na anayeishi kilimani mbali na kituo cha polisi hawezi kubezwa kwa hofu hiyo. Lakini njia iliyo wazi, inayopitwa na watu wengi mchana na yenye taa usiku, ni salama kuliko kichochoro kilichobanwa kati ya kuta ambacho watu wameacha kukitumia. Pingamizi la pili ni gharama. Fidia kwa ploti zilizokwisha kujengwa itakuwa ghali, na kaunti zetu zina madeni ya kutosha. Nakubali. Ndiyo maana haifai kungoja.

Njia isiyo na gharama kubwa ipo. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, anayetaka kugawanya shamba lake katika ploti lazima apate kibali cha serikali ya kaunti, na kaunti inaweza kuweka masharti. Kila ombi la kugawanya shamba juu ya Riat, Kajulu au vilima vya Kisian ni nafasi ya kusema: acha mita mbili hapa, watu wanapita. Mmiliki atakuwa bado hajauza, ukuta bado haujajengwa, wala mnunuzi hajadanganywa. Mita mbili za ukingo zikiunganishwa shamba baada ya shamba zinaweza kutoa njia inayotoka Otonglo na kufuata mgongo hadi upande wa Mamboleo kwenye barabara ya Kakamega, bila kubomoa choo cha mtu. Afisa anayeidhinisha mgawanyo bila kuuliza kuhusu kijia hafanyi kosa lolote kisheria. Anapoteza tu mali ambayo kaunti italazimika kuinunua baadaye kwa bei ya ploti yenye mandhari ya ziwa.

Kwa afisa huyo kuuliza, lazima awe na ramani, na ramani hiyo haihitaji ndege wala mtaalamu wa kigeni. Inahitaji naibu wa chifu, wazee wawili watatu wa kila kijiji, vijana wenye simu zinazoweza kurekodi mahali walipo, na wiki kadhaa za kutembea. Kisha orodha isomwe barazani ili mwenye shamba apate nafasi ya kupinga, kwani yapo mashamba ambako kijia ni cha juzi tu na mwenyewe ana haki ya kukikataa. Kazi kama hiyo inaweza kuingizwa katika mpango wa maendeleo wa kaunti utakaofuata ule wa 2023-2027, na wanaoomba kura za wadi katika uchaguzi wa Agosti 2027 waweza kuulizwa mapema wanauonaje.

Wasipoulizwa, kazi itabaki kwa wanakijiji wenyewe na mahakama, na hapo ndipo hesabu ya miaka inapokuwa kali. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 mpaka wa manispaa ulipopanuliwa mwaka 1972, akipanda na kushuka vijia hivyo kwenda shule na malishoni, sasa amepita umri wa miaka 60. Huyo ndiye shahidi ambaye jaji atahitaji kumsikia.